Jina Tayari Limo

Dada yangu alipewa jina la nyanya yetu lote, bila kubakisha kitu. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na hilo halijadiliwi. Jina la ubatizo ndilo mama mzazi huachiwa achague. Nyanya alikataa hata hilo. Alisema ikiwa anarudi, hatarudi nusu. Basi dada akabatizwa kama nyanya, akaitwa kwa Kikuyu kama nyanya, na jina la tatu likawa la babu, ambalo nyanya alilipata kwa kuolewa na dada kwa kuzaliwa. Majina matatu yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Mama hakupenda. Hakusema, kwa sababu wakati huo alikuwa mke mgeni katika boma la watu, lakini sisi watoto tulijua. Nyanya, ambaye tulimwita cucu, alikaa Ngoliba, sisi tulipanga Kiganjo hapa Thika, na alipotaka kumwona mjukuu wake alituma ujumbe kwa baba: "Niletee mimi." Dada akifika, yule mzee anapiga makofi na kucheka, "Haiya, nimekuja kunitembelea!" Halafu anamgeukia dada na kumuuliza, mama akiwa amesimama palepale, "Huyu mwanamke amekupa chakula leo? Mimi hajawahi kunipa cha kushiba."

Watu walicheka. Mama naye alicheka kidogo, kwa mdomo tu. Hata kumchapa dada hakuweza. Dada akivunja sahani, mama anainua mkono kisha anaushusha, kwa sababu tata zangu, yaani dada za baba, wangesema amempiga mama mkwe wake. Sisi wengine tulichapwa kwa zamu zetu na za dada pia.

Nyanya alikufa nikiwa bado shule, akazikwa Ngoliba. Baba alimfuata miaka michache baadaye. Dada alikufa mwaka jana, baada ya mvua ya masika. Ilikuwa mapafu. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuoka mikate mjini Thika, na kwa muda mrefu tulidhani kikohozi chake kilikuwa cha unga tu, hata yeye alidhani hivyo. Tulimzika Ngoliba katika shamba lile lile, kaburi lake likitazamana na la nyanya. Misalaba miwili, maandishi mamoja. Siku ya mazishi mama aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama fundi hakuweza kuandika tofauti. Nikamwambia hilo ndilo jina lake. Akasema, "Najua ni lake."

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na sikupata alama za kuendelea. Natengeneza simu katika kibanda kidogo Ruiru, ambacho tunagawana na binamu yangu, mtoto wa baba mdogo. Yeye alisoma diploma ya kompyuta na huandikia watu programu: maduka, shule ndogo, mtu wa mayai kule Theta. Kwa kukaa naye meza moja nimejifunza mambo mengi ya kazi yake, kama vile mtu anayekaa karibu na mshonaji anavyojua majina ya mishono bila kuweza kushona. Binamu huyu alilia kwenye mazishi ya dada kuliko mimi. Alibeba jeneza upande wa mbele. Nasema haya ili ijulikane kwamba hakuwa na ubaya naye.

Kanisani kwetu, mwezi wa Novemba ni wa kuombea marehemu. Kila Jumapili majina husomwa, na jina likisomwa watu wa nyumba hiyo husimama na kupewa mshumaa mmoja. Zamani majina yalikuja kwa vikaratasi, na mwaka ule kabla ya dada kufa kulitokea aibu. Mzee mmoja wa hapa Kiganjo alikuwa na watoto wengi wasiosemezana, kila mmoja akaleta karatasi yake, na katekista akamsoma mzee mara tatu. Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyu hata kufa hatosheki!" Kanisa lote likacheka. Kamati ikaamua kwamba mwaka unaofuata majina yatumwe kwa ujumbe wa simu, yapangwe na kompyuta, yaonekane ukutani kwa projekta, na jina lisirudiwe. Wakampa binamu kazi hiyo. Agizo lao lilikuwa hilo tu: jina lisirudiwe.

Nakumbuka alivyoliwaza, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuwaza kwa sauti huku mimi nikiinamia simu iliyofunguliwa.

"Orodha ni kama gunia," aliniambia. "Unatia tu. Ukitia kitu mara tano, unakitoa mara tano. Hiyo ndio ilituaibisha. Sasa hapa nitaweka seti. Seti inauliza kwanza, hii iko ndani? Ikiwa iko, haifanyi kitu."

"Haikwambii?"

"Ikwambie ya nini? Inanyamaza. Huo ndio uzuri wake."

"Na yule aliyetuma?"

"Atapata ujumbe, asante, jina limepokelewa. Kila mtu anapata huo. Hakuna mtu wa kununa." Akageuza kiti. "Halafu ni ya haraka. Hata majina yawe milioni, seti inajua papo hapo."

"Kwani hapo kanisani mmezika milioni?"

"Wewe tengeneza simu."

Nilicheka nikaendelea na kazi. Aliongeza kwamba seti haitunzi mpangilio, majina yangetoka yamechanganyika, kwa hivyo angeyapanga kwa alfabeti kabla ya kuyaonyesha. Nililiona kuwa jambo la busara. Hakuna aliyejiuliza, si kamati, si yeye, si mimi, kama jina na mtu ni kitu kimoja. Na sisi sote watatu, ukiihesabu kamati kama mtu, tumetoka katika nyumba ambazo kila babu ana wajukuu wanne wanaoitwa kama yeye. Mtu wa kwingine angeuliza. Sisi tumezoea mno.

Nilituma jina la dada mimi mwenyewe, mama akiwa ameketi karibu yangu na kuangalia vidole vyangu nisikosee herufi. Jibu likaja mara moja. Asante, jina limepokelewa. Mama akaomba nimsomee tena.

Wiki nzima alijitayarisha. Alifua kitambaa chake cha kichwa cheupe, akakipiga pasi, akakifua tena kwa sababu pasi ilikiacha na doa. Alikuwa hajazungumza sana tangu mazishi. Jioni ile ya Jumamosi aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekijua. Alisema jina lile lilikuwa likimchoma miaka yote ya ndoa yake, na kwamba siku mama mkwe wake alipokufa alishukuru, Mungu amsamehe, kwa sababu sasa lilikuwa limebaki la mtoto wake peke yake. "Kutoka hapo ndipo nililipenda," akasema. "Kesho nataka nilisikie likisomwa mbele ya watu. La huyu wangu."

Tuliketi katikati. Tata yangu mkubwa na wadogo zake waliketi mbele, kama kawaida yao. Katekista ana sauti nzuri, nzito, hana haraka. Jina likija ukutani analisoma, anangoja watu wasimame, mama mmoja wa kamati anapeleka mshumaa, kisha jina lingine. Lilipofika letu mama alisimama kabla katekista hajamaliza kulitamka. Mbele, tata naye alisimama, na wadogo zake wote. Mama wa kamati aliangalia mbele na nyuma, akampa tata mshumaa kwa kuwa alikuwa karibu.

"Kaa basi, Mami," nilimnong'oneza. "Hiyo imekuwa ya cucu. Yetu inakuja."

Nilisema hivyo nikiamini. Ilikuwa kwa alfabeti, hivyo ingefuata palepale. Likaja jina la mtu mwingine. Kisha la mwingine. Mama hakukaa. Watu wa majina mengine walisimama na kuketi, yeye amesimama tu, mkono mmoja ameutanguliza kidogo kama mtu anayepokea chenji. Herufi yetu ikaisha. Nilimvuta nguo, akasema, "Hawajamaliza." Alibaki hivyo hadi ukuta ukawa mweupe mtupu na katekista akafunga kwa sala.

Nje tata alikuja na mshumaa wake, ameuzima kwa vidole. "Si umesikia jina limesomwa?" akamwambia mama. "Limesomwa vizuri kabisa."

"Nimelisikia," mama akasema.

"Sasa uso huo ni wa nini? Huyo mtoto na mama yetu ni mtu mmoja. Mshumaa mmoja unawatosha."

Mama alinyoosha njia akaanza kwenda nyumbani, nami nikamfuata.

Jumatatu nilifika kibandani mapema. Binamu alipokuja nilimwuliza kwa nini jina la dada halikusomwa. Akasema lilisomwa, alikuwepo. Nikamwuliza lilikuwa la nani. Kisha akafungua kompyuta na kutafuta, na tukaona: tata alikuwa ametuma jina la nyanya siku mbili kabla yangu. Langu lilipofika, seti ilikuwa inalo tayari.

"Basi ilifanya kazi yake," akasema, na nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe. "Programu iko sawa. Haijakosea."

"Sijasema imekosea."

"Ni majina yetu yenye shida, maze. Ni hii mambo yetu ya kurudisha watu."

"Wewe unaitwa nani?" nikamwuliza. Anaitwa kama babu, kama mimi, kama wengine wawili kwa baba zetu wakubwa.

Alijaribu. Siwezi kusema hakujaribu. Alichukua kalamu akaanza kuwaza. Angeweza kutumia kamusi badala ya seti, akasema, ambapo kila mtu anawekwa chini ya ufunguo wake ambao hakuna mwingine anao, na jina linakuwa tu kitu kimoja kinachomhusu. Lakini ufunguo gani? Namba ya kitambulisho ingefaa, ila cha nyanya kilipotea hata kabla hajafa, na kanisa linaombea pia watoto wachanga ambao hawakuwahi kuwa nacho. Namba ya simu ya mtumaji? Basi yule mzee mwenye watoto wasiosemezana angefufuka tena mara tatu. Mahali alipozikwa? Hawa wetu wawili wamelala shamba moja. Tarehe ya mazishi hakuna aliyeituma, na kamati haikutaka kuwasumbua watu tena.

"Nitarudisha orodha," akasema mwishowe. "Ya Jumapili hii. Acha majina yarudiwe, nitaongea na mwenyekiti wa kamati. Bora dada yako awe ndani."

Nilimshukuru. Nilimwambia mama, na mama akakifua kitambaa tena.

Jumapili ya pili gunia lilifunguka kama lilivyokuwa. Yule mzee wa Kiganjo alitokea ukutani mara nne, moja chini ya nyingine, kwa kuwa watoto wake walikuwa hawajapatana bado. Vijana wakaanza kuguna na kusukumana. Mwanamke mwingine akatokea mara mbili, kijana mmoja akasema, "Na huyu amekuja na pacha." Mwenyekiti aliinuka akaenda kumnong'oneza katekista. Nilimwona katekista akitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Kisha likaja letu. Nililiona ukutani mara mbili, mstari chini ya mstari, herufi zilezile. Nyanya yangu na dada yangu, wakifuatana. Mama alinishika mkono. Katekista akasoma la kwanza. Tata akasimama na watu wake, wakapewa mshumaa. Mama akasubiri waketi, kisha yeye akainuka taratibu, kwa heshima, na mimi pamoja naye. Katekista akatazama mstari unaofuata.

"Samahani," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Hili limejirudia." Akaenda kwa linalofuata.

Hapo hakukuwa na programu ya kulaumu. Kompyuta ilikuwa imemweka. Mtu mwenye macho, aliyekuwepo kwenye mazishi, aliyeshika kitabu cha sala juu ya kaburi la dada yangu, aliuliza moyoni kile kile seti inachouliza, hii iko? Na alipoona iko, akanyamaza. Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa ameagizwa. Lakini nimeshindwa kupokea mkono wake mpaka leo, na yeye anadhani nina haya.

Mama hakulia njiani. Alipofika nyumbani alivua viatu akaketi kitandani. Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua: hata binamu akitengeneza seti ya namna gani, ikiwa kinachosomwa kwa mdomo ni kile kile, mdomo utakiruka. Lazima kiwe tofauti. Tunaweza kuongeza neno moja, nikasema, labda mjukuu, au mdogo.

"Mdogo?" akauliza. "Miaka yote mdogo wa yule, na sasa awe mdogo wake hata mbele ya Mungu?"

"Basi wa cucu waongeze mkubwa."

"Nenda uwaambie tata zako."

Nilikwenda, kwa sababu sikuwa na akili nyingine. Tata alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilipomweleza aliweka kikombe chini. "Sisi hatuongezi kitu," akasema. "Mama alikuwa na hilo jina kwanza. Anayekuja nyuma ndiye ajitofautishe." Kisha akaniuliza, kwa upole wa kweli, "Kwani mama yako anataka nini? Si tunamwombea mtoto pamoja?" Nilimaliza chai.

Niliporudi mama alikuwa ameshaamua. Kulikuwa na jina ambalo yeye peke yake alimwita dada tangu akiwa mchanga. Alilianza kwa sababu asingeweza kulitamka lile lingine bila kuhisi mama mkwe amegeuka mlangoni. Mimi nililitumia kidogo nikiwa mtoto, kisha nikaacha. Dada hakulitumia kazini wala shuleni, halikuwa kwenye kitambulisho, halikuwa kwenye msalaba. Si jina la mtu yeyote wa ukoo, upande wa baba wala wa mama. Sitaliandika hapa.

"Andika hilo," mama akasema.

"Na yale mengine?"

"Hilo peke yake."

"Mami, watu hawatajua ni nani."

"Wakati walipojua ni nani walimsoma?"

Nilituma. Jibu likaja kwamba limepokelewa, na safari hii nilimpigia binamu kuuliza kama kweli limo. Alikuwa amerudisha seti kwa amri ya mwenyekiti. Akaangalia. "Limo," akasema. "Hakuna lingine kama hilo." Kisha akauliza, "Ni nani?" Nilimwambia. Alisema, "Ai, sikujua alikuwa na hilo jina," na sauti yake ikawa ya mtu aliyekosewa. Tunafanya kazi meza moja bado. Hatujawahi kuliongelea tena, na anapoandika seti ananung'unika peke yake bila kuniambia.

Jumapili ya tatu mama alikuja bila kitambaa cheupe. Alivaa kile cha kila siku cha sokoni. Jina lilikuja ukutani fupi, katikati ya majina marefu marefu ya watu, kama kitu kilichoandikwa kwa makosa. Katekista alilitazama. Alilisoma kwa kusitasita, akalikosea kidogo, akalirudia. Tulisimama wawili. Kanisa lote liligeuka kutafuta watu wa nyumba hiyo, na nilimsikia mama mmoja mbele yetu akimwuliza mwenzake, "Huyo ni nani?" Mwenzake akajibu, "Sijui. Labda ni wa watu wa estate, hawa waliohamia." Mama wa kamati alimpa mama mshumaa naye akauliza kwa sauti ya chini, "Pole. Alikuwa wako?"

"Ndiyo," mama akasema. "Wangu."

Nje tata alikuwa anatusubiri. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amesimama kwenye kaburi la dada na kumwaga machozi kwa sababu alikuwa akimzika mama yake mara ya pili, alisema hivyo siku ile, na sina shaka alimaanisha. Sasa hakuniangalia mimi.

"Umemtoa katika jina la mama yetu," akamwambia mama.

Mama alikuwa bado ameshika mshumaa, unawaka, ameukinga upepo kwa kiganja.

"Nimemtoa," akasema.

Tata alisubiri aongeze kitu. Watu walikuwa wakipita pande zote mbili zetu, wakisalimiana, wakiulizana habari. Mwishowe tata alijifunga leso vizuri akaenda kwa wadogo zake, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu Kiganjo, wala sisi hatujaenda Ngoliba kupalilia makaburi.